Bahari Bila Daftari

Tarehe 27 Aprili 1986 tangi la mafuta ghafi lilipasuka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bahía Las Minas, pwani ya Karibi ya Panama. Lita zisizopungua milioni 8 zikaingia baharini, zikasambaa kwenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe. Ajali za namna hiyo zimetokea kwingi duniani, na baadhi zilikuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Lakini Panama ilikuwa na bahati moja ambayo wengi hawakuwa nayo. Jirani kabisa na hapo, sehemu iitwayo Galeta, Taasisi ya Smithsonian ilikuwa na maabara ya bahari, na watafiti wake walikuwa wamekaa miaka wakihesabu viumbe vya pwani ile, mwamba kwa mwamba. Mafuta yalipofika, hali ya kabla ilikuwa imeshaandikwa.

Mwaka 1989 walichapisha walichokiona, na mengi yalikwenda kinyume na yaliyokuwa yakifundishwa. Wataalamu wengi waliamini kwamba matumbawe yaliyo chini ya usawa wa maji kupwa hayapati madhara makubwa, kwa kuwa mafuta huelea juu. Galeta walionyesha kwamba hata matumbawe yaliyofunikwa na maji muda wote yalikufa kwa wingi, na kwamba mwaka mmoja na nusu baada ya ajali ni baadhi tu ya viumbe vya sehemu zinazopigwa na bahari kuu vilivyokuwa vimerudi. Wasingekuwa na hesabu ya kabla, jibu la kuwanyamazisha lilikuwa rahisi: mlijuaje kwamba matumbawe hayo yalikuwa hai jana?

Hoja yangu inaanzia kwenye swali hilo. Katika sayansi yote ya kumwagika kwa mafuta, kuanzia namna yanavyosambaa na kuua mpaka namna ya kuyasafisha, sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile inayofanywa wakati hakuna mafuta yaliyomwagika, hakuna kamera, na hakuna waziri aliyevaa buti ufukweni. Ndiyo sehemu tuliyoipuuza kuliko zote katika pwani yetu. Na tunaipuuza wakati ambapo bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, mahali ambapo meli kubwa za mafuta zinatakiwa kufika, kupakia na kuondoka kwa miaka mingi ijayo.

Tuitazame Alaska. Dakika chache baada ya saa sita usiku, tarehe 24 Machi 1989, meli iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh ndani ya ghuba ya Prince William Sound na kumwaga takriban lita milioni 40. Mafuta yaligusa ufuko wenye urefu wa kilomita 2,000 hivi. Fedha zilizotumika kuchunguza ajali ile ni nyingi mno, na bado kuna maswali ya msingi ambayo hayajapata jibu mpaka leo. Mwaka 1993 samaki aina ya heringi wa ghuba ile walitoweka karibu wote, na uvuvi wao ukaporomoka. Je, ni mafuta? Ni maradhi? Ni upungufu wa chakula baharini? Wanasayansi wa serikali na wale waliolipwa na kampuni wamepingana kwa maandishi miaka na miaka. Kumbukumbu za afya ya heringi kabla ya ajali zilikuwa haba, kwa hiyo kila upande ulikuwa na nafasi ya kusimama. Wavuvi wa mji wa Cordova walibaki katikati, boti zimefungwa gatini. Baraza la mahakama liliamua mwaka 1994 walipwe fidia ya adhabu ya dola bilioni 5. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipomaliza kesi mwaka 2008, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi dola milioni 507 na kidogo.

Sasa linganisha na nyangumi wauaji wa ghuba hiyo hiyo. Miaka michache kabla ya ajali, watafiti walikuwa wameanza kuwapiga picha mmoja mmoja, wakiwatambua kwa umbo la pezi la mgongoni na mabaka yao. Kundi moja, linalojulikana kama AT1, lilikuwa na nyangumi 22. Baada ya mafuta kumwagika, 9 kati yao hawakuonekana tena, na kundi hilo halijapata mtoto aliyekua tangu miaka ya 1980. Hapa mjadala ni mfupi. Kila aliyekosekana ana picha yake na kumbukumbu ya mara ya mwisho alipoonekana. Bahari ni ile ile, ajali ni ile ile, ila heringi walikosa daftari na nyangumi walikuwa nalo.

Ghuba ya Mexico ilirudia somo hilo mwaka 2010, mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka, ukaua watu 11, na kisima chake kikatapika mafuta kwa siku 87. Pomboo wa Barataria, Louisiana, walipokamatwa na kupimwa mwaka 2011, madaktari walikuta wengi wana maradhi ya mapafu. Lakini pomboo mgonjwa peke yake hathibitishi kitu. Ilibidi wajue pomboo mzima anaonekanaje. Jibu lilitoka Sarasota, Florida, ambako kundi la pomboo limefuatiliwa tangu mwaka 1970, kizazi baada ya kizazi. Ikaonekana kwamba pomboo wa Barataria walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuwa na maradhi ya mapafu ya wastani hadi makali kuliko wale wa Sarasota. Kati ya majike wenye mimba waliofuatiliwa baadaye, takriban asilimia 20 tu walizaa mtoto aliyeishi, ilhali Sarasota ni asilimia 83. Takwimu hizo ziliingia kwenye tathmini ya madhara, na mwaka 2016 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kampuni ya BP kulipa zaidi ya dola bilioni 20. Watu waliokuwa wakihesabu pomboo mwaka 1970 hawakuwa na habari ya kisima chochote.

Kumbukumbu za kabla ndizo pia zilizotufundisha namna ya kusafisha, na somo lenyewe ni chungu kwa yeyote anayeamini kwamba kufanya kitu ni bora kuliko kuacha. Mwezi Machi 1967 meli Torrey Canyon ilipasuka karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na tani zaidi ya 100,000 za mafuta ghafi. Serikali ikamwaga zaidi ya tani 10,000 za sabuni kali kwenye bahari na miamba ili mafuta yatoweke machoni. Maabara ya bahari ya Plymouth, ambayo ilikuwa ikiifahamu miamba hiyo kwa miongo kadhaa, ikafuatilia. Sehemu ambazo hazikupigwa sabuni zilirudi katika hali yake ndani ya miaka miwili mitatu. Zile zilizosafishwa kwa bidii zilichukua muongo mzima na zaidi, kwa sababu sabuni iliua konokono walao mwani, mwani ukaota bila mlaji, na mpangilio wote wa uhai pale ukavurugika. Ufaransa nao walipochimbua tope la vinamasi kwa matingatinga baada ya meli Amoco Cadiz kuvunjika mwaka 1978, sehemu walizochimbua zilibaki nyuma ya zile walizoziacha. Alaska walipiga fukwe kwa maji ya moto yenye msukumo mkubwa, wakaua na vilivyosalimika. Ilijulikana kwa sababu wanasayansi wa serikali walisisitiza baadhi ya sehemu ziachwe bila kuoshwa, zilinganishwe na zilizooshwa. Naomba msomaji afikirie ugumu wa jambo hilo: watu wana hasira, televisheni ziko pale, na mtu anasimama kusema ufuko huu msiuguse.

Kwetu hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu pwani yetu ni ya mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, hupumua kwa mizizi. Ukiingia kwenye tope lake wakati maji yamekupwa utaona vijiti vingi vimechomoza juu, kila kimoja kina vitundu vidogo vya kupitishia hewa kwenda kwenye mizizi iliyozikwa ndani ya tope lisilo na oksijeni. Mafuta yakija na bamvua, maji hupanda mpaka ndani kabisa ya msitu, kisha yanapokupwa huacha utando juu ya vijiti hivyo. Vitundu vikizibwa, mti hukosa pumzi. Hauangui majani siku hiyo. Unaweza kukaa wiki au miezi ukionekana mzima, ndipo majani yaanze kuwa manjano na kupukutika. Wakati huo mashimo ya kaa yameshayashusha mafuta chini, na huko chini bakteria wanaokula mafuta hufanya kazi polepole mno kwa kukosa oksijeni. Panama mafuta yaliendelea kujitokeza kutoka kwenye tope kwa miaka mitano na zaidi, yakichafua upya kila mvua na mawimbi yalipotikisa ufuko, na watafiti walikadiria kwamba sumu hiyo ingedumu miaka 20 au kupita.

Ukiwaingiza watu mia mbili wenye majembe na buti kwenye tope kama hilo, wataifanya kazi ya kaa kwa kasi kubwa zaidi: kuyakandamiza mafuta chini, kuvunja mizizi na kukanyaga miche. Kinachopendekezwa na uzoefu wa miaka mingi ni kuzuia mafuta yasiingie mikokoni tangu mwanzo, kwa vizuizi vinavyoelea kwenye midomo ya mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Yakishaingia, yasukumwe nje kwa maji ya bahari yenye msukumo mdogo, watu wakiwa ndani ya mtumbwi au juu ya mbao. Pengine jibu ni kuyaacha. Lakini kuacha kunataka uhakika, na uhakika hutoka kwa mtu anayeujua msitu ule ulivyokuwa.

Tunayo Panama yetu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Kipevu, Mombasa, na takriban tani 5,000 zikamiminika kwenye hori la Makupa. Hekta 10 hivi za mikoko zikafa. Mwaka 2005 mafuta yakamwagika tena bandarini, safari hii kutoka kwenye meli, yakaingia mikoko ya Port Reitz. Mikoko ya Makupa haikurudi kama inavyotakiwa. Ni mafuta? Ni dampo la Kibarani lililokuwa pembeni yake kwa miaka? Ni maji machafu ya mji, ni panga? Kila mmoja ana jibu lake, na kila mwenye kulaumiwa ana wa kumsukumia lawama. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Makupa imekwisha hivyo.

Turudi Tanga. Mafuta ya Uganda ni mazito kwa nta. Ndiyo maana bomba linapashwa joto, yasipungue nyuzi 50 za Selsiasi, maana yakipoa huganda kama mshumaa. Maji ya bahari ya Tanga yana joto la nyuzi 25 hadi 30. Kwa hiyo yakimwagika hayatakuwa utando mwembamba wa rangi rangi kama dizeli kwenye dimbwi. Yatakuwa mabonge. Hilo lina uzuri wake: mafuta yaliyoganda hayapenyi kirahisi kwenye tope laini, na yanaweza kuchotwa kwa nyavu na mikono. Lina ubaya wake pia. Dawa za kutawanyisha mafuta hazifanyi kazi juu ya mafuta yaliyoganda, hivyo anayetegemea ndege ya kunyunyizia dawa ajue silaha yake ni butu hata kabla ya vita. Na mabonge husafiri mbali, hufukiwa na mchanga wa kaskazi na kufukuliwa na kusi.

Yatasafiri kwenda wapi? Mafuta yanayoelea hufuata mkondo wa maji, na juu yake huongezwa takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea nguvu. Kwa hiyo katika miezi ya kusi mafuta yaliyomwagika Tanga hayatazami kwenye ramani kuangalia mpaka uko wapi. Moa, Jasini, Vanga, Shimoni, hifadhi ya Kisite-Mpunguti, Gazi: yote iko njiani. Mashariki iko Pemba. Kusini, kwa pepo za aina nyingine, iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa ajili ya samaki ambaye sayansi ilidhani amekwisha zamani za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kabla ya kumfikia silikanti kuna kina mama wa mwani, wenye vigingi na kamba zao kwenye maji ya magoti, ambao bonge moja la lami likishika kamba zao mnunuzi hatautaka mzigo.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba ajali za meli za mafuta zimepungua sana. Ni kweli, na inafaa ikubaliwe bila kusitasita: miaka ya 1970 ajali kubwa, zile za kumwaga zaidi ya tani 700, zilizidi 20 kwa mwaka kwa wastani, katika muongo ulioanza 2010 zilikuwa chini ya 2. Meli zina kuta mbili sasa, na sheria zimekazwa. Lakini Panama lilikuwa tangi la nchi kavu. Makupa lilikuwa tangi. Wakashio, iliyopanda mwamba Pointe d'Esny nchini Mauritius tarehe 25 Julai 2020, haikuwa hata meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya shehena kavu, isiyo na mzigo, na yaliyomwagika ni takriban tani 1,000 za mafuta ya injini yake mwenyewe. Meli za namna hiyo zinapita mbele ya pwani yetu kila siku, bomba liwepo lisiwepo.

Na Wakashio ina somo jingine. Mafuta yalianza kuvuja tarehe 6 Agosti, siku 12 baada ya meli kukwama. Wananchi wa Mauritius hawakusubiri: walishona vizuizi vya majani makavu ya miwa, wakavifunga kwa vitambaa na chupa tupu, wakavitandaza baharini. Wiki chache baadaye makumi ya wanyama wa jamii ya pomboo wakaonekana wamekufa pwani ile ile, na nchi ikagawanyika juu ya sababu. Watu wakaandamana kwa maelfu. Nauelewa uchungu wao vizuri sana. Umeona mafuta, umeona maiti, halafu unaambiwa uhusiano haujathibitika.

Jibu la pili nitakalopewa ni kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ilishafanywa kabla ya mradi. Ilifanywa, na wapo wataalamu wa kwetu walioifanyia kazi kwa uaminifu. Lakini tathmini ya mradi ni picha ya misimu michache, na pwani hubadilika mwaka hata mwaka bila tone la mafuta. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe kwa kiwango cha kutisha kutoka Msumbiji hadi Kenya. Mwaka 2016 likarudi kuyapausha, na mwaka 2024 tena. Sasa chukulia mafuta yanamwagika miezi minane baada ya mwaka wa joto. Wakili wa mwenye meli atasema nini? Atasema ni joto. Atakuwa na hoja, na bila mfululizo wa vipimo vya miaka mingi, vyenye mwaka wa joto na mwaka wa kawaida, sisi hatutakuwa na jibu. Ndiyo heringi wa Alaska, kwa Kiswahili.

Na fidia husimama juu ya ushahidi. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba wa mwaka 1992 wa mfuko wa kimataifa wa fidia za mafuta, ambao pamoja na sehemu ya mwenye meli unaweza kufikia milioni 203 za zile haki maalumu za utoaji (SDR) za Shirika la Fedha la Kimataifa, kipimo cha hesabu kinachotokana na thamani ya sarafu kubwa za dunia. Ni fedha nyingi. Lakini hulipa hasara ya kiuchumi iliyoonyeshwa, na kwa upande wa mazingira hulipa gharama za hatua za maana za kuyarejesha. Haulipi makadirio ya nadharia ya bahari ilikuwa na thamani gani. Isitoshe, mfuko huo ni wa mafuta yanayomwagwa na meli ya mafuta. Tangi likipasuka nchi kavu, kama Panama na kama Kipevu, mnabaki na sheria za nchi na mahakama zenu. Kwa njia yoyote ile mvuvi ataulizwa alikuwa akivua kiasi gani. Mwenye dema tano na ngalawa ya urithi, anayeuza samaki wake mchangani kwa fedha taslimu, atatoa nini? Kitabu cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuko, kama kimejazwa. Ndiyo maana daftari la mnadani, lenye kilo na aina ya samaki kwa kila siku, ni chombo cha sayansi na cha haki kwa pamoja, na anayelijaza kwa kubahatisha anawaibia wenzake wasiojua.

Kazi yenyewe haina maajabu. Mtu anaingia kwenye tope wakati wa maji kupwa na fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Anailaza mahali palipowekwa alama ya kudumu, anahesabu vijiti vya mchu, mashimo ya kaa, miche na konokono, anapiga picha, anaandika. Anachota tope na kulitia kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko kilichotandikwa karatasi ya alumini, kwa kuwa plastiki huchafua sampuli na kemikali zake, kisha sampuli inagandishwa. Maabara inapima kundi la kemikali liitwalo PAH, lile ambalo Alaska lilionekana kuharibu mioyo ya samaki wangali kwenye mayai, kwa viwango vidogo ambavyo jicho na pua haviwezi kuvigundua. Inapima pia zile kemikali zinazotofautisha mafuta ya kisima kimoja na ya kingine, maana kila mafuta ghafi yana mchanganyiko wake. Siku mabonge yakitua Moa, sampuli ya mafuta ya bomba na sampuli ya tope la kabla zitaonyesha kama yametoka Chongoleani au ni uchafu wa meli iliyokuwa ikiosha matangi yake huko nje.

Hata kusema kwamba watu wetu hawawezi ni kukosa kumbukumbu. Katika mpango wa pwani wa Tanga ulioanza mwaka 1994, wanavijiji wenyewe walifunzwa kupiga mbizi na kuhesabu matumbawe na samaki, na takwimu zao zikatumika kufunga na kufungua maeneo ya uvuvi. Mpango wa wafadhili ulimalizika mwaka 2007. Ng'ambo ya mpaka, Gazi, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wenzao wameichunguza mikoko kwa miongo kadhaa, kiasi kwamba ni kati ya misitu ya mikoko inayofahamika zaidi barani Afrika. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanapima miti yao wenyewe kupitia Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya ukaa, na fedha zinarudi kwenye maji na shule. Hiyo ndiyo Galeta yetu. Imejengwa kwa sababu nyingine kabisa, na siku ya mafuta itakuwa na thamani kuliko meli ya kukusanyia mafuta.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na nakidai kwa serikali za Tanzania na Kenya pamoja na ile ya Zanzibar. Sehemu za kudumu za vipimo ziwekwe kutoka Pangani hadi Gazi, na Pemba upande wa pili, zikiwemo sehemu ambazo mafuta hayatarajiwi kufika, maana bila hizo hakuna cha kulinganishia. Zipimwe kusi na kaskazi, kila mwaka, kwa njia moja pande zote za mpaka, ili takwimu za Jasini na za Vanga zisomeke kwenye jedwali moja. Wenye bomba na wenye meli walipie kwa tozo inayokwenda kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania) na KMFRI, bila wao kuwa na sauti juu ya kipi kichapishwe. Alaska imetuonyesha kinachotokea kila upande unapokuwa na wanasayansi wake. Mipango ya dharura, ambayo upande wa Tanzania Bara iko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli, itaje kwa majina misitu ambayo haitaguswa na majembe, na itaje nani mwenye mamlaka ya kusema isiguswe. Nchi zetu zimeshajiunga na itifaki ya mwaka 1985 ya kusaidiana katika dharura za mafuta, chini ya Mkataba wa Nairobi, hivyo msingi wa kisheria wa kufanya haya kwa pamoja upo.

Na takwimu zisifungiwe ofisini. Nakala ikae Tanga, nyingine Unguja, nyingine Mombasa, na mvuvi wa Moa akitaka kujua tope la hori lake lilikuwaje mwaka juzi, aonyeshwe siku hiyo hiyo bila kuombwa barua.